Maziwa hayaoshi vumbi kifuani

Maliza zamu ya kukata mawe au kuchanganya saruji, na hatakosekana wa kukushauri unywe maziwa "yasafishe kifua". Ushauri huo ni wa siku nyingi na hutolewa kwa nia njema. Lakini maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni. Vumbi hupita njia ya hewa kwenda mapafuni. Havikutani. (Koo litalainika, hilo sikatai.)

Chembe kubwa hunaswa puani na kwenye makohozi. Zinazofika mwisho wa mapafu ni ndogo mno, chini ya mikromita 5 hivi, wakati unywele una unene wa takriban 70. Kwa hiyo hewa inayoonekana safi bado yaweza kuwa nazo. Zikiwa za silika, iliyomo kwenye mchanga, zege na mawe mengi, huacha makovu yasiyopona; silika hiyo imetambuliwa kuwa kisababishi cha saratani tangu 1997.

Kinachosaidia ni kulizuia vumbi lisiruke: maji yatiririke pale pale msumeno unapogusa zege, au mashine iwe na kifyonza vumbi. Sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiwa. Barakoa ya N95 (ile inayochuja chembe ndogo) inayobana uso ije baada ya hayo. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi.