Kipokezi cha opioidi ni nini, na arosto inatoka wapi

Arosto ni neno la vijiweni. Mtumiaji wa unga akichelewa kupata kete yake, hapa Mbeya hata mwendesha bodaboda atakuambia jina la kinachompata: miayo mfululizo, makamasi na machozi, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, mifupa kuuma kama imetwangwa. Wengi huamini hiyo ni sumu ya unga inatoka mwilini. Siyo. Kuielewa arosto kunataka kwanza ukijue kipokezi cha opioidi.

Opioidi ni ukoo wa dawa zinazofanana kazi na afyuni, ule utomvu wa ua la mpopi: mofini, kodeini, pethidini, tramadoli, heroini, ambayo ndiyo unga wenyewe, na methadoni. Kipokezi ni protini iliyopachikwa kwenye ukuta wa seli, nusu nje nusu ndani. Molekuli inayofaa ikikaa upande wa nje, protini hiyo hubadili umbo na seli hupata habari kwa ndani. Vipokezi vya opioidi viko ubongoni, kwenye uti wa mgongo, hata utumboni, ndiyo maana anayetumia mofini hufunga choo. Aina kuu ni tatu, zimepewa herufi za Kigiriki: mu, delta na kapa.

Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba vipokezi hivi vipo kweli. Hapo likazuka swali: ubongo wa binadamu una haja gani na pahali pa kukalia utomvu wa ua? Jibu lilitoka Aberdeen, Uskoti, mwaka 1975. John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua kuwa ubongo hutengeneza opioidi zake wenyewe, wakaziita enkefalini. Baadaye zikajulikana endofini na dinofini. Kumbe nafasi ile ina wenyewe, afyuni ilidandia tu.

Kazi ya kipokezi hiki ni breki. Kikikaliwa, seli ya neva hupunguza kasi ya kupeleka ujumbe, na ujumbe wa maumivu haufiki juu kwa nguvu ileile. Raha nayo huja kwa njia ya kuzunguka: mu hufunga breki seli ambazo zenyewe huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, basi dopamini ikafunguliwa. Kwenye shina la ubongo, mu hupunguza kasi ya pumzi. Anayezidisha unga hafi kwa moyo kupasuka kama watu wasemavyo. Anasahau kupumua.

Sasa mfikirie dereva wa lori anayeteremka mlima Kitonga. Endofini hugusa pedali na kuachia. Heroini huikanyaga mpaka chini, mara kadhaa kwa siku, miezi na miaka. Seli haikubali kulala hivyo: inaongeza mafuta ili iendelee na kazi huku breki imeshikwa. Ndiyo maana kete moja ya jana leo haitoshi. Kisha unga unakatika. Mguu umetoka kwenye breki, lakini mafuta bado yamefunguliwa, na gari linaruka. Utumbo uliokuwa umefungwa unaharisha, mboni zilizokuwa ndogo kama ncha ya sindano zinapanuka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Ukiangalia vizuri, karibu kila dalili ya arosto ni kinyume cha kile unga ulichokuwa unafanya.

Matibabu yanapita kwenye pedali hiyohiyo. Methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011 na baadaye hapa kwetu, hukaa kwenye mu taratibu na kwa muda mrefu, hivyo kikombe kimoja kinachonywewa mbele ya muuguzi hutosha siku nzima bila arosto na bila stimu. Wanaobeza kwamba ni kubadilisha unga kwa unga hawajaona tofauti ya mguu uliotulia na mguu unaopiga pedali kila baada ya saa chache. Buprenofini hukanyaga nusu tu, hata dozi ikiongezwa. Naltreksoni haikanyagi kabisa, inaweka gogo chini ya pedali. Ole wake atakayepewa dawa hii wakati unga bado uko mwilini, arosto itamshukia papo hapo.

Naltreksoni ina kazi nyingine inayowahusu hata wanywaji wa ulanzi kule Iringa na Njombe. Pombe si opioidi, ila humfanya mnywaji amwage endofini zake mwenyewe, na sehemu ya utamu wa pombe hutoka huko. Mu ikizibwa, tamaa hupungua. Marekani iliidhinisha dawa hii kwa ulevi wa pombe mwaka 1994. Kapa nayo ina tabia ya peke yake: dinofini ikiikalia wakati wa msongo, mtu hapati raha bali huzuni nzito, na dawa za kuiziba zimekuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa wa sonona.

Kwa aliyezidisha dozi ipo naloksoni, inayoing'oa heroini kwenye kipokezi ndani ya dakika chache, na mtu akavuta pumzi. Lakini yenyewe hudumu kama nusu saa hadi saa moja na nusu, wakati methadoni hupita siku. Aliyezinduka akiruhusiwa kwenda nyumbani mapema, anaweza kuacha kupumua tena akiwa usingizini.