Usagaji wa nafaka: tofauti ya kukoboa na kusaga

Usagaji ni kazi ya kuvunjavunja kitu kigumu mpaka kiwe unga au chembe ndogo. Hata machimboni upo: wachimbaji wadogo wa Geita hupeleka mawe kwenye karasha yasagwe, dhahabu iliyojificha ndani ipate kutoka. Lakini kwa wengi wetu, mashine ni ya mahindi, na mashineni kuna kazi mbili.

Ya kwanza ni kukoboa, yaani kutoa ganda. Mpunga huishia hapo, ukatoka mchele, chenga na pumba. Ya pili ndiyo kusaga kwenyewe. Mahindi yakikobolewa kwanza, unga wake ni sembe. Yakisagwa mazima, ni dona.

Tofauti si ya rangi tu. Punje ya hindi ina ganda, wanga na kiini, ile sehemu inayochipua. Kiini ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa punje, ila ndicho chenye sehemu kubwa ya mafuta, pamoja na vitamini na madini mengi. Mashine ya kukoboa huondoka na ganda pamoja na sehemu kubwa ya kiini hicho. Kwa hiyo kuku na nguruwe wanaolishwa pumba wanapata virutubishi ambavyo mtoto aliyepikiwa uji wa sembe amevikosa. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu natetea dona.

Dona lina masharti yake. Yale mafuta ya kiini huufanya unga uchache mapema, hivyo ni vizuri kusaga wa siku chache. Kubwa zaidi ni sumukuvu, inayoletwa na kuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa bado na unyevu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kukoboa huipunguza, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini haiishi: inahamia kwenye pumba, ng'ombe akila pumba hizo inaingia kwenye maziwa. Kwa hiyo chambua punje zilizooza au kubadilika rangi, na uanike mahindi juu ya turubai yakauke kabisa kabla ya kuyaweka ghalani.

Anayependa sembe atafute uliorutubishwa viwandani kwa madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Unga wa mashine nyingi za mtaani hauongezwi virutubishi hivyo.