Unataka kupanda ukoka? Mambo ya kuandaa udongo ambayo tunadanganyana

Nyumba nyingi Dar zikiisha kujengwa story ni ile ile, hela imebaki kidogo ya bustani, fundi anakuja anaangalia uwanja anakwambia "bosi lete kenta mbili za udongo mwekundu, tunamwaga juu, tunapanda paspalamu (aina ya nyasi za bustani), imeisha hiyo". Huo ndo uongo unaokula hela za watu kuliko wote.

Udongo mwekundu hautibu kitu kama chini ni kifusi. Hapo nje pamekanyagwa na malori ya mchanga na kokoto miezi kibao, piga sululu uone inavyodunda, alafu ukichimbua ni vipande vya plasta, simenti iliyogandia kwenye mfuko, misumari, vigae. Ukimwaga sentimita 5 za udongo juu ya hapo mizizi inashuka kidogo inagonga inageuka, mvua ikipiga maji yanatuama, jua likiwaka siku chache nyasi imenyauka. Na simenti ina chokaa, inapandisha pH (kipimo cha asidi ya udongo, namba ikipanda asidi imepungua), ndo maana unaona majani ya njano hata uweke yurea vipi, maana madini ya chuma yamo humo humo ila mizizi inashindwa kuyanyonya. Nyasi za bustani kama Bermuda, zoizia na wenzake wanafurahia pH ya 6 mpaka 7 hivi. Kwa hiyo toa kifusi kwanza, chimbua sentimita 15 mpaka 20, NDO ulete udongo, na ule wa kwanza uuchanganye na wa chini usikae kama zulia juu ya sakafu. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ukitaka sentimita 5 ni mita 5 za ujazo, muulize mwenye gari anabeba ujazo gani, habari za "tripu" achana nazo.

Ndago sasa, yale magugu sugu. Watu wanaamini ukilima vizuri na jembe inakufa. Wapi! Ichimbue moja taratibu uone, chini kuna vibonge vyeusi vimeunganishwa na vinyuzi, ukikivunja ndani cheupe, na jembe linachofanya ni kukata vile vinyuzi, kila kibonge kinaanza maisha yake. Wengine wanafyeka kwanza wakishamaliza ndo wanapiga dawa ya magugu kwenye udongo mtupu. Dawa zenye glifosati zinaingia kupitia jani bichi, zikigusa udongo zinashikwa hapo hapo hazifanyi kitu. Mwagilia, acha ndago ichipue ishibe, piga, subiri wiki mbili tatu, mwagilia tena, vile vilivyokuwa vimelala vikitoka piga mara ya pili. Inachosha ndiyo, ila ndago ikishaingia katikati ya ukoka ndo hutoki.

Mbolea ya kuku mbichi eti "ina nguvu": ina nguvu ya kuunguza mizizi michanga. Iache ioze kabisa, au tumia samadi ya ng'ombe ya zamani isiyonuka.

Majivu na chokaa kila mtu anavipenda sijui kwa nini. Hivyo ni vya udongo wenye asidi. Ukiwa sehemu za mawe ya matumbawe, pwani pwani huku au Unguja, pH yako kawaida iko juu tayari, unaongeza tatizo. SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga wanapima udongo, peleka sampuli kabla hujanunua chochote.

Kuna hii pia, "paspalamu inavumilia chumvi so maji ya kisima hayana shida". Ile ya ufukweni inavumilia kweli, lakini lazima maji yapite yashuke chini yaondoke na chumvi, kama udongo umeshindiliwa chumvi inajikusanya juu na hata yenyewe inachoka. Slopu usisahau, sentimita 1 au 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta wa nyumba.

Mwisho habari ya kusubiri masika. Hizi ni nyasi za joto, shida yake ni maji tu, na mvua kubwa ya Aprili inakuchimbia mifereji kwenye udongo uliotoka kuusawazisha jana. Vuli ni poa zaidi. Ukishapiga reki mwagia maji, acha siku kadhaa udongo ushuke, pita juu kwa miguu: kiatu kikizama zaidi ya sentimita 2 hivi bado haujakaa, shindilia kidogo, jaza mabonde, ndo ulete vipandikizi.