Zumari inayomjulia hali mpenzi: muziki wa Thillana Mohanambal

Kila anayekuja kwangu kujifunza zumari, kabla sijampa ala mkononi, namkalisha atazame filamu ya Kitamil ya mwaka 1968, Thillana Mohanambal, iliyoongozwa na A. P. Nagarajan. Lugha haelewi, lakini pumzi anaielewa.

Hadithi yenyewe ni ya mafundi wawili wenye kiburi. Shanmugasundaram anapiga nadaswaram, zumari ndefu ya mbao ya India Kusini inayosikika kwenye mahekalu na harusi. Mohana ni mcheza ngoma. Wanapendana tangu mwanzo, ila kila mmoja anataka mwenzake akiri kwanza. Kijana anamtaka binti acheze thillana, ile ngoma ya kasi ya kufungia onyesho, yeye akimpigia, tuone nani atachoka.

Mtazame Sivaji Ganesan, mwigizaji wa Shanmugasundaram, anavyopuliza: mashavu yamejaa, shingo imekaza, vidole vinafuata kila mdundo. Utaapa ndiye anayepiga. Hapana. Sauti ile ni ya ndugu wawili wa Madurai, M. P. N. Sethuraman na M. P. N. Ponnusamy. Nami kama mpulizaji nakwambia, kuigiza pumzi ya mtu mwingine namna ile ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani.

Mtunzi wa muziki ni K. V. Mahadevan, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kuna usiku Mohana anacheza hekaluni, Shanmugasundaram kajificha nyuma ya nguzo anamchungulia. Mohana kamwona. Anamwimbia, kwa sauti ya mwimbaji P. Susheela: una siri gani hata ukachungulia mafichoni? Wimbo umejengwa juu ya raga, mpangilio maalumu wa noti (waliozoea taarab wafikirie maqamu) iitwayo Shanmukhapriya, yaani kipenzi cha Shanmukha, mungu wa Kihindu, ambaye kwa Kitamil huitwa Shanmuga. Jina la kijana limo ndani ya raga! Watu wote hekaluni wanasikia wimbo wa ibada, na mmoja tu nyuma ya nguzo anasikia anaitwa.

Baadaye kijana anajeruhiwa kwa kisu chenye sumu, na wawili hao wanatenganishwa. Wanapokutana tena ni mbele ya hadhara, yeye na zumari yake, Mohana na njuga miguuni. Kuongea hawawezi. Mohana anaimba maneno ya mshairi Kannadasan, "Nalanthana", hujambo? Mwili na moyo, vyote havijambo? Salamu ya kawaida kabisa, ya watu wanaopishana njiani.

Kijana hana neno la kujibu, mdomo umeziba na zumari. Anajibu kwa kupiga. Susheela anamaliza mstari, nadaswaram inaudaka palepale, na macho ya Padmini, mwigizaji wa Mohana, yamejaa machozi huku mikono ikiendelea kucheza bila kukosea.

Hapo ndipo ninaposimamisha filamu na kumpa mwanafunzi zumari.