Mtoto hakukandwa, kwa hiyo hakutibiwa?

"Amecheza tu, hata hamjamkanda." Nimeyasikia tena maneno haya kutoka kwa mzazi wiki hii, na safari hii mimi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, sinyamazi.

Tiba kwa vitendo (occupational therapy) ni kumsaidia mtoto aweze shughuli zake za kila siku; si kumlaza na kumnyoosha viungo huku mzazi akisubiri nje. Kumkanda kunaweza kumburudisha mtoto, lakini hakumfundishi kufunga kifungo. Mtoto hujifunza kuvaa kwa kuvaa, na kuandika kwa kuandika. Mwaka 2013 mtafiti Iona Novak na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za tiba kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Miongoni mwa mbinu zilizoonekana kufaa wazi ni mazoezi yanayolenga shughuli mahususi, programu za nyumbani, na kuuzuia mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi.

Siku ya kwanza ni tathmini: maswali mengi, kumtazama mtoto, basi. Kisha tunaweka lengo, na hapa ndipo tunapokwama. Mzazi husema, "Nataka mikono ipate nguvu." Nguvu za kufanyia nini? Niambie, "Nataka avae suruali mwenyewe," tutaelewana. Nitaanza mwishoni: wewe unaipandisha suruali hadi mapajani, yeye anamalizia kiunoni. Akizoea, unamwachia magotini. Halafu kwenye vifundo vya miguu. Kila mara yeye ndiye anayemaliza, kwa hiyo kila mara anaonja ushindi. Anayechungulia mlangoni ataona mtoto akivua na kuvaa huku akicheka, aseme anacheza. Ndiyo, anacheza, na mchezo huo nimeupanga hatua kwa hatua.

Sasa subira yangu inapoishia: wiki ina saa 168, mimi ninapata moja. Suruali inavaliwa nyumbani kila asubuhi. Bibi akimvalisha haraka kwa huruma, au kwa sababu mnachelewa, nafasi ya kujifunza imepita. Sisemi mmwache avae mwenyewe kila siku. Chagueni asubuhi ambazo hamna haraka. Lakini msiniletee mtoto kama nguo kwa fundi.

Kuna jambo wenzangu hawapendi kulisema mbele ya wazazi. Tiba ya hisia, yaani ya namna mtoto anavyopokea mguso, mwendo na sauti, ile ya bembea na fulana nzito iliyotokana na kazi ya Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Marekani, bado inabishaniwa. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitahadharisha kwamba ushahidi wake ni mdogo. Mimi bembea naitumia, kwa sababu baadhi ya watoto hutulia na tunaweza kuanza kazi. Fulana nzito nina mashaka nayo. Na mtu akikuahidi kwamba kubembea peke yake kutamfundisha mwanao kuandika, muulize ni lini mtoto atashika penseli.

Lengo lisiposogea kwa wiki kadhaa, nibaneni. Huenda ni kubwa mno, au mbinu yangu haimfai mtoto wenu, na kubadilisha kimojawapo ni kazi yangu. Niulizeni pia tiba itasimama lini. Kwangu husimama mtoto anapofanya kile mlichokitaka, nyumbani, bila mimi kuwapo.