Je, wajua kwa nini Denver Broncos, timu ya mpira wa Kimarekani, walibeba kombe mwaka ambao nyota wao alikuwa hoi?

Mwaka 2013 Peyton Manning, kwotabeki (mrusha pasi mkuu) wa Denver Broncos, alirusha pasi 55 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira eneo la kufungia la wapinzani, rekodi ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Timu yake ikafunga pointi 606 msimu huo, rekodi nyingine. Wakafika fainali, Super Bowl, na huko Seattle Seahawks wakawafumua 43-8. Misimu miwili baadaye Manning yuleyule, sasa ana miaka 39 na mguu unamsumbua, alirusha pasi 9 tu za tachidauni huku 17 zikinaswa na wapinzani. Aliwekwa benchi katikati ya msimu. Na huo ndio mwaka Denver walipochukua ubingwa.

Ili kuelewa ilikuwaje, lazima kwanza ujue jambo moja kuhusu mpira wa Kimarekani: timu moja ina vikosi viwili ambavyo havichezi pamoja. Mkiwa na mpira, wanaingia washambuliaji 11. Mpira ukienda kwa wapinzani, hao wanatoka na walinzi 11 wanaingia. Kwotabeki ndiye kichwa cha kikosi cha kwanza. Ana majaribio manne ya kusogeza timu yadi 10, na karibu kila jaribio mpira hupitia mikononi mwake, arushe pasi au ampe mkimbiaji. Ndiyo maana mshahara wake unapita wa wenzake na sura yake haikosekani kwenye matangazo. Lakini wapinzani wakishambulia, yeye amekaa benchi na chupa ya maji. Mshambuliaji wa soka anaweza kurudi nyuma kusaidia kukaba kona. Kwotabeki hafanyi hata hilo.

Basi mashabiki wa Marekani hubishana miaka nenda rudi: kombe huletwa na kwotabeki au na ulinzi? Denver ni timu nzuri ya kuupimia ubishi huo, maana imefika Super Bowl mara 8 na kufungwa mara 5, na imefungwa kwa njia zote mbili.

Mara ya kwanza walifika kwa ulinzi. Msimu wa 1977 walinzi wao, waliopewa jina la Orange Crush kutokana na kinywaji cha jina hilo na jezi zao za rangi ya chungwa, waliruhusu pointi 148 tu katika mechi 14. Fainali ilipigwa Januari 1978 mjini New Orleans dhidi ya Dallas Cowboys. Kwotabeki wa Denver, Craig Morton, alifikisha pasi 4 kati ya 15, na nyingine 4 zikanaswa. Timu nzima ilipoteza mpira mara 8. Ukipoteza mpira mara 8, walinzi wako wanakuwa wazima moto tu. Walifungwa 27-10.

Kisha akaja kwotabeki John Elway, aliyejiunga nao mwaka 1983. Mkono wake ulikuwa bunduki. Januari 1987, mjini Cleveland, timu ikiwa nyuma kwa pointi 7 na dakika zikiyoyoma, aliitoa timu yadi 98 kutoka karibu na mstari wake mwenyewe hadi tachidauni ya kusawazisha, na wakashinda katika muda wa nyongeza. Watu wa Denver bado wanaisimulia kama jana. Ila fainali tatu zilizofuata ni habari nyingine: walifungwa 39-20, 42-10, 55-10. Jumla pointi 136 ndani ya nyavu zao, kama ningeruhusiwa kusema nyavu. Usiniambie ni Elway aliyezifungisha zote. Alikuwa na timu iliyomtegemea kila siku, na siku ya fainali alikutana na timu zilizokamilika.

Hatimaye alipochukua kombe, Januari 1998 dhidi ya Green Bay Packers, alirusha yadi 123 tu bila pasi hata moja ya tachidauni. Aliyebeba mzigo ni mkimbiaji Terrell Davis: yadi 157 na tachidauni 3, tena siku ambayo kipandauso kilimzidi akakosa karibu robo nzima ya pili. Mwaka uliofuata walirudia, na safari hiyo Elway ndiye akawa mchezaji bora wa fainali. Akastaafu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kwamba huyuhuyu Elway baadaye akawa bosi wa masuala ya mpira wa klabu. Ndiye aliyemsajili Manning mwaka 2012. Baada ya kipigo cha 43-8, kwotabeki wa zamani alielekeza macho zaidi kwenye ulinzi. Machi 2014 alisajili walinzi: DeMarcus Ware, Aqib Talib na T.J. Ward. Kabla ya msimu wa 2015 Manning alikubali mshahara wake ukatwe dola milioni 4. Fedha hapa si jambo dogo, kwa sababu tangu 1994 NFL ina ukomo wa mishahara kwa kila timu. Kila milioni anayoongezewa kwotabeki imetoka kwenye fungu la mtu mwingine.

Februari 2016, Super Bowl ya 50 mjini Santa Clara, wakakutana na Carolina Panthers waliokuwa wamefungwa mechi moja tu msimu wa kawaida na wenye mchezaji bora wa ligi, kwotabeki Cam Newton. Robo ya kwanza Newton amerudi nyuma, anatafuta wa kumpasia. Von Miller, mlinzi wa Denver, anazunguka kwa nje, anamfikia, na badala ya kumwangusha tu ananyofoa mpira mikononi mwake. Mpira unabiringika, mlinzi mwenzake Malik Jackson anaulalia ndani ya eneo la kufungia. Tachidauni, bila washambuliaji wa Denver kugusa chochote. Zikiwa zimebaki kama dakika nne, matokeo 16-10, Miller akarudia. Ward akauokota mpira na kuishia yadi 4 kutoka mstari wa kufungia.

Hapo ndipo lilipo jibu. Ulinzi wa namna hii hauzuii tu. Unamfupishia kwotabeki safari. Denver walipata yadi 194 mchezo mzima, chache kuliko bingwa yeyote wa Super Bowl kabla yao, na wakashinda 24-10. Kazi ya Manning ilikuwa kutoharibu, na kwa uzoefu wake aliiweza. Zile milioni 4 pia zilirudi, kwa bonasi za ushindi.

Wanaoshangilia ulinzi wasikimbilie kuimba, lakini. Manning alistaafu mwezi uliofuata, Miller na mabeki wengi wakabaki, na msimu wa 2016 bingwa mtetezi hakufuzu hata hatua ya mtoano. Ukame huo uliendelea, kwotabeki akija kwotabeki akiondoka, hadi msimu wa 2024, walipofuzu wakiwa na chipukizi Bo Nix. Msimu huohuo beki wao Patrick Surtain II alichaguliwa mlinzi bora wa NFL, kwa hiyo ubishi Denver umeanza upya.