Nanaa ya dirishani haimzuii mbu

Mwezi uliopita mama mmoja alifika kitaluni kwangu Bamburi, Mombasa, akitaka miche sita ya nanaa, mmoja kwa kila dirisha la nyumba yake, kwa kuwa tayari alikuwa ameshusha vyandarua vya watoto akiamini kwamba mbu hapiti palipo na nanaa. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii sikuweza kuinyamazia kwa ajili ya wale watoto.

Mafuta ya nanaa yamo katika vifuko vidogo sana vilivyo juu ya jani, na hayatoki kwa wingi mpaka jani lifikichwe, likatwe au lipondwe. Ndiyo maana mtu huweza kupita karibu na mche uliotulia asinuse kitu, kisha akagusa jani moja tu na mkono mzima ukanukia. Harufu ya mche uliokaa dirishani haitoshi kumzuia mbu, ambaye humtafuta binadamu kwa kufuata pumzi anayoitoa, joto la mwili wake na harufu ya ngozi yake. Mafuta yaliyokamuliwa na kupakwa mwilini huweza kumsumbua mbu kwa muda, lakini nayo hukauka upesi.

Kinachoniudhi zaidi ni kisahani. Nilialikwa nyumba moja ya Mji wa Kale kuangalia nanaa iliyonyauka, nikakuta vyungu vinne vimepangwa dirishani ili kufukuza mbu, kila kimoja juu ya kisahani chenye maji. Nilipokiinamisha kimoja kwenye mwanga niliwaona viluwiluwi wakijikunja na kujikunjua. Maji ya namna hiyo ndiyo ayapendayo Aedes aegypti, mbu mwenye mistari myeupe miguuni anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue, iliyoikumba Mombasa mwaka 2013, na ile ya chikungunya, iliyotulaza wengi kuanzia mwisho wa 2017. Katika joto letu yai huwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi, na mayai yaliyoganda ukingoni hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: kisahani kisuguliwe kwa brashi kila wiki, au kiondolewe kabisa na chungu kikae juu ya kokoto. Vyandarua navyo virudishwe vitandani leo hii.

Wengine huniambia kwamba nanaa ni gugu, na kwamba wameshaing'oa yote. Hawajaing'oa. Nanaa hutambaa kwa mashina yanayopita juu ya udongo na chini yake, kila kifundo kikiwa tayari kutoa mizizi, na jembe linapoyakatakata huzidisha tu idadi ya miche. Mimi huipanda ndani ya ndoo kuukuu iliyotobolewa kitakoni, nikaifukia na kuacha ukingo ubaki vidole viwili juu ya udongo, kisha huyakata mashina yanayojaribu kuuvuka.

Wanaoniomba mbegu wapoteze fedha zao kwingine. Nanaa ya peremende ni chotara isiyozaa mbegu za kutegemewa, na mbegu za nanaa yetu ya chai mara nyingi hutoa mche usiofanana na mama yake. Nunueni fungu moja katika soko la Marikiti au la Kongowea, mwondoe majani ya chini, mtie mashina katika glasi ya maji kivulini, na baada ya wiki moja au mbili mizizi itakuwa imetoka.

Kuhusu wanaosema nanaa hutuliza tumbo, ni kweli kwamba nanaa ya peremende huilegeza misuli ya utumbo, lakini hulegeza pia mlango wa juu wa tumbo, hivyo mwenye kiungulia huweza kuzidiwa. Na mafuta yenye mentholi, kile kiini cha nanaa ya peremende chenye harufu kali, yasipakwe kamwe puani wala usoni mwa mtoto mchanga, kwa sababu yanaweza kumbana pumzi.